Nyaya Tatu za Utepe Mwekundu

Katika nyumba ile, mlango mmoja tu ndio Bisibisi aliouchukia, na haukuwa wa mbele wala wa uani. Ulikuwa mlango wa katikati, kati ya chumba alicholala na mumewe na karakana ya duka la kompyuta. Asubuhi anaamka, ananawa uso, anavuka kizingiti, tayari yuko kazini. Jioni anavuka tena, tayari yuko kwake. Wiki nyingine zilipita hajakanyaga barabara. Watu walimwambia ana bahati, hahangaiki na nauli wala foleni, naye alicheka nao, kisha akarudi ndani kuumia peke yake. Miaka tisa hiyo, jamani. Hata jela watu hutolewa kuota jua.

Jina la Bisibisi alipewa na wateja, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona bila bisibisi mkononi au nyuma ya sikio. Kazi alifundishwa na baba mkwe wake, mzee aliyeanza na redio, akaja televisheni, akamalizia na kompyuta. Mzee alimwona mkwewe akileta chai karakanani na kukawia kuondoka, macho yote kwenye mashine zilizofunguliwa. Siku moja akamwachia kiti. Alipofariki, duka lilikwenda kwa mwanawe mkubwa, na kazi ikabaki kwa mke wa mwanawe mdogo.

Huyo mwana mkubwa ndiye Injinia. Jina alijipa mwenyewe, akalibandika hadi kwenye kioo cha dirisha. Tumtendee haki: mdomo anao. Mteja akiingia kuuliza bei ya kipanya, atatoka na kipanya, kibodi na mfuko wa kubebea. Lakini mwambie afungue mashine na kuifunga, lazima skrubu tatu zibaki mezani, na atakuambia hizo zilikuwa za ziada tangu kiwandani.

Bisibisi alishajaribu kuondoka mara mbili. Mara ya kwanza Injinia alinuna mwezi mzima, nyumba ikawa haikaliki. Mara ya pili aliita kikao cha familia, akauliza mbele ya shangazi na wajomba kama kweli mkwe aliyelelewa vile anataka kuua duka la marehemu. Nani angejibu ndiyo? Mumewe Bisibisi, karani wa ghala la vifaa vya ujenzi, mtu mpole asiyependa kelele, alikuwa na neno moja tu kwa jambo hili.

"Ongea na kaka," alimwambia. Usiku huo akasema tena, na asubuhi akasema tena.

Sasa chuo kimoja cha ufundi kikatafuta fundi wa maabara yake ya kompyuta. Bisibisi alipeleka maombi bila kumwambia mtu, akaitwa, akawekewa mbele mashine mbovu nne, akazitengeneza zote kabla msimamizi hajamaliza kunywa maji yake. Wakamwambia kazi ni yake. Kilichobaki ni barua ya mwajiri wake wa sasa, yenye sahihi na muhuri, ikisema anaachiwa kwa heri. Ifike Ijumaa kabla ya saa kumi jioni. Isipofika, wangemwita anayefuata kwenye orodha, kwa kuwa wanafunzi walikuwa wanaanza Jumatatu.

Mwajiri wake wa sasa, bila shaka, alikuwa shemeji yake. Na muhuri ulikaa kwenye droo ya shemeji yake, na ufunguo wa droo ulining'inia kwenye mkanda wa shemeji yake.

Alimweleza siku ya Jumatatu, wakiwa mezani, mumewe akiwepo. Alijikaza kisabuni asilie. Kinyume na siku zote, Injinia hakununa. Labda alikuwa ameshiba vizuri. Alisema yeye si mtu wa roho mbaya, ila duka lisilo na fundi ni kibanda tu. Akafikiri, akafuta mdomo, kisha akatoa sharti. Ile kazi ya mchoraji wa ramani, iliyoahidiwa Ijumaa asubuhi, ataifanya yeye mwenyewe, Bisibisi asiguse hata nati. Akiiweza, ina maana duka litaishi.

"Nikiiweza nakuandikia barua palepale," alisema. "Mdogo wangu huyu shahidi."

Mumewe alitikisa kichwa kukubali, huku akiangalia sahani.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mchoraji wa ramani, mzee mmoja mtaratibu anayechora nyumba za watu, alikuwa amenunua kadi mpya ya picha, kubwa kama tofali, ili michoro yake isiwe inaganda kila akizungusha paa. Kadi kama hizo hula umeme. Kwenye boksi waliandika kwamba inataka pawa saplai ya wati mia sita na hamsini. Pawa saplai ni lile sanduku la chuma ndani ya kompyuta linalopokea umeme wa ukutani na kuugawa kwa viungo vyote. La mzee lilikuwa la wati mia tano na hamsini, naye alishaapa hanunui jingine. Injinia, kwa kutotaka kumpoteza mteja, alishamwambia asiwe na wasiwasi. Mpango wake ulikuwa kuchukua waya mwembamba unaolisha diski, kuupachika kiunganishi cha kubadilisha kichwa, na kuisukumia kadi umeme kwa njia hiyo. Bisibisi aliposikia hilo aliiweka bisibisi yake chini. Waya ule ungepata moto hadi plastiki yake ilainike.

Lakini alipokaa na kalamu aliona njia ipo. Kadi ikilemewa kabisa ingekula wati mia mbili na thelathini. Prosesa, ule ubongo wa mashine, mia. Feni, diski na vikorokoro vingine, hamsini. Jumla mia tatu na themanini. Lile sanduku la mzee lilikuwa la kiwanda cha kuaminika na halikuwa na umri mkubwa. Lingebeba mzigo huo na kubaki na pumzi. Walioandika boksi walijihami tu, wakijua kuna watu wenye masanduku ya ovyo. Ila kadi ilikuwa na matundu mawili ya umeme, na ilitaka nyaya zake mbili, kila tundu na waya wake, kutoka moja kwa moja kwenye sanduku.

Nyaya hizo mzee hakuwa nazo. Sanduku lake lilikuwa la aina ambayo nyaya huchomolewa, na za ziada alizipoteza akihama nyumba. Dukani sasa kulikuwa na pipa. Marehemu hakutupa kitu. Kila sanduku lililokufa alilivua nyaya na kuzitumbukiza kwenye pipa la plastiki chini ya meza, na pipa lilijaa hadi mdomoni. Hapo ndipo hatari ilipolala. Upande wa kadi, nyaya hizo zote zimepangwa sawa. Upande wa sanduku, kila kiwanda hupanga kinavyotaka. Kichwa kitaingia vizuri tu, kitalia tik, utafurahi. Kumbe penye umeme wewe umepeleka njia ya kurudishia, na penye njia ya kurudishia umepeleka volti kumi na mbili. Ukiwasha, kwaheri.

Basi kuanzia Jumanne Bisibisi alilivaa lile pipa. Sharti lilimkataza kugusa mashine ya mzee, pipa halikutajwa. Alimwaga nyaya zote sakafuni, akachukua mita ya umeme, akapima waya mmoja baada ya mwingine, tundu kwa tundu, akilinganisha na masanduku yaliyokuwa dukani. Mgongo ulimuuma, vidole vikaota malengelenge. Zilizomshinda kutambua alizifunga kwenye gunia na kuandika juu yake kwamba zisiguswe. Zilizotambulika alizifunga utepe, kila kiwanda rangi yake. Za kiwanda cha sanduku la mzee zilipatikana tatu, akazifunga utepe mwekundu. Kisha akaandika karatasi ya maelekezo kwa herufi kubwa, hatua kumi na mbili, kama anayemwandikia mtoto wa darasa la kwanza. Hatua ya tano ilisema: chukua nyaya mbili zenye utepe mwekundu.

Alhamisi jioni alimsomea Injinia karatasi yote, naye akamrudishia neno kwa neno. Usiku Bisibisi hakupata usingizi. Alikuwa anaomba Mungu shemeji yake aweze kazi, na hajawahi kumwombea jambo lolote kwa bidii namna ile.

Ijumaa saa tatu mchoraji wa ramani alifika. Injinia akavaa koti jeupe ambalo kwa kawaida huvaliwa na sanamu dirishani, akafungua mashine, akaanza. Bisibisi alikaa kwenye kigoda kando ya ukuta, viganja amevikalia asije akavinyoosha kwa mazoea. Kila Injinia alipokosea kushika, alivikalia kwa nguvu zaidi. Aliizamisha kadi kwenye nafasi yake, akasahau kuifunga skrubu, akarudi kwenye karatasi, akakumbuka. Akachukua waya wa kwanza wa utepe mwekundu, tik. Wa pili, tik. Akapitisha kidole kwenye hatua ya kumi, ya kumi na moja, ya kumi na mbili. Akawasha.

Feni za kadi zilizunguka. Kioo kikaleta picha. Mzee akafungua ramani ya nyumba ya ghorofa mbili, akazungusha paa upande huu na upande ule bila kuganda, akatabasamu hadi miwani ikasogea. Wakaiacha ifanye kazi nzito nusu saa. Injinia akagusa nyaya, hakuna joto la kutisha. Hata skrubu haikubaki. Bisibisi alitaka kumkumbatia shemeji yake, jambo ambalo si la kufanywa, basi akampigia makofi.

Mzee akakumbuka kitu, akatoka kwenda kwenye gari lake. Na Injinia, sema utakavyo juu yake, alitimiza ahadi. Alifungua droo, akatoa karatasi yenye kichwa cha duka, akaandika mistari mitano kwa mwandiko wa madaha, akatia sahihi, akagonga muhuri. Akampa.

"Nenda salama, shemeji," alisema. "Kumbe hata mimi naweza."

Bisibisi aliipokea kwa mikono miwili. Alisoma lile neno "anaachiwa" mara mbili, tatu. Ilikuwa saa tano na nusu. Chuoni ni mwendo wa saa moja. Alijiona Jumatatu asubuhi akifunga mlango wa nyumba kwa nje, akitembea barabarani na mkoba begani, akilowa mvua kama watu wengine.

Mzee akarudi akihema, amebeba mashine ya pili. Akaeleza kuwa ni ya binti yake, anayesomea uhasibu, na kazi zake zote za miaka mitatu zimo humo. Kwa kuwa kadi ya zamani imebaki bure, je, Injinia hawezi kumfungia binti hapohapo? Injinia akasema hilo ni jambo la dakika tano. Mtu aliyewezeshwa na bidii za wengine hujisahau haraka. Akaifungua ile mashine, akachomeka kadi ya zamani, akainama ndani kutazama sanduku la umeme. Bisibisi naye akatazama kutoka kigodani. Lilikuwa sanduku jingine kabisa, nalo la nyaya za kuchomolewa, ila la kiwanda kingine, tena la bei poa, la aina isiyo na kinga ya maana ndani yake.

Injinia akanyoosha mkono mezani na kuchukua waya wa tatu wa utepe mwekundu.

Hapo Bisibisi akaelewa. Shemeji yake hakusoma kwamba utepe mwekundu ni wa sanduku lile la kwanza. Alisoma kwamba nyaya za utepe mwekundu ndizo nzima, ndizo salama, zilizopimwa na fundi. Na kwa nini asisome hivyo? Nani alimwambia vinginevyo? Karatasi iliandika rangi tu. Aliyeiandika alikuwa na haraka ya kuondoka.

"Shemeji, ngoja kidogo," alisema.

Injinia alicheka bila kugeuka, akasema leo hasaidiwi. Akamkonyeza mzee. Waya ukaingia, tik upande huu, tik upande ule, bila ubishi wowote. Akachomeka mashine ukutani.

Barua ilikuwa mkononi mwa Bisibisi. Sahihi ipo, muhuri upo. Angeweza kunyamaza. Moshi ungetoka, shemeji angepiga mayowe, mzee angelia kwa ajili ya binti yake, na yeye angekuwa keshaachiwa, karatasi ni karatasi. Si yeye aliyefunga ule waya. Alikatazwa kugusa mbele ya shahidi. Aliwaza yote hayo, tusimtakase, aliyawaza hadi mwisho, na kwa kitambo kidogo akatamani sana uungue. Alimchukia Injinia, akamchukia mumewe na sahani yake, akauchukia ule mlango. Kidole cha Injinia kilikuwa kinakwenda kwenye swichi.

Aliitupa barua mezani, akapiga magoti chini ya meza, akaung'oa waya wa ukutani kwa mikono yote miwili.

"Usiwashe," alisema kutoka kule chini. "Huo waya si wake."

Alipotoka, magoti yamejaa vumbi, hakumtazama shemeji yake. Alichukua mita, akauchomoa waya, akamwonyesha mzee pole pole: hapa sanduku hili linatoa umeme, hapa linaurudisha, na waya huu umepangwa kinyume chake. Mzee akauliza kama ingewashwa ingekuwaje. Akamjibu kwamba kadi ingekwenda, mazabodi, ule ubao mkuu unaobeba vyote, ingekwenda, na diski pengine isingesalimika.

Mzee alitafuta kiti akaketi. Alivua miwani, akaifuta na shati, akaivaa. Alisema binti yake angemwona muuaji. Kisha, kwa moyo wake wote, kwa nia njema kabisa, akamgeukia Injinia.

"Bwana Injinia, huyu mama usimwachie aende popote," alisema. "Akija mtu kumchukua, mfukuze na mbwa."

Injinia akacheka. Mzee akacheka. Bisibisi naye, mazoea ni kitu kibaya, akajikuta amecheka pamoja nao. Na wakati kicheko kinaisha alimwona Injinia akiiokota barua mezani, bila hasira, bila pupa, akaikunja mara mbili, akaitia kwenye droo na kuzungusha ufunguo.

Alimalizia ile mashine yeye mwenyewe. Alitafuta waya wa utepe wa kijani, akaupima mara ya pili, akaufunga, akawasha, kadi ya zamani ikazunguka bila lawama. Mzee alimshukuru kwa Kiswahili kirefu, akabeba mashine moja moja hadi garini, akapunga mkono. Ilikuwa saa saba kasoro. Muda ulikuwepo bado.

Bisibisi alisimama mbele ya meza ya Injinia. Alikuwa amejiandaa kwa kikao, kwa kununa, kwa jina la marehemu kutajwa. Kwa mara ya kwanza katika miaka tisa alikuwa tayari kugombana naye hadi majirani wajae mlangoni.

"Naomba barua yangu, shemeji."

Injinia alikuwa amevua lile koti jeupe. Aliweka mikono juu ya meza. Alikiri kwamba hajui kitu. Alisema hajawahi kujua, na baba yake alilijua hilo, ndiyo maana kiti alimpa mkwe. Alisema watu wataendelea kuleta mashine zao kwa sababu dirishani kumeandikwa Injinia, naye ataendelea kuzifungua, kwa kuwa hana kazi nyingine. Hakumkaripia wala hakumbembeleza. Akautoa ufunguo kwenye mkanda, akauweka katikati ya meza.

"Chukua mwenyewe," alisema. "Lakini niambie ukweli, shemeji. Ungekuwa wewe ndiye mimi, kwa ulichokiona leo, ungemwachia?"

Bisibisi alifungua mdomo amwambie ndiyo. Alimtazama, akautazama ufunguo, akatazama rafu ya nyuma ambapo mashine sita za watu zilisubiri, kila moja na karatasi ya jina la mwenyewe. Alisimama hivyo mpaka akasikia mumewe ameingia nyumbani kwa chakula cha mchana, na ufunguo ulikuwa bado uko mezani.